Kusoma asidi ya damu kwenye pumzi ya mgonjwa: mwongozo kwa wauguzi wa Goma

Mashine ya kupima gesi za damu ni ya bahati huku kwetu. Vituo vingi vya afya, kuanzia mitaa ya Karisimbi mpaka njia ya Sake, vina kipimo cha malaria, cha sukari na cha wekundu wa damu, basi. Hata penye mashine, kuna siku vitendanishi vimekwisha au umeme umekatika. Mgonjwa ambaye damu yake imejaa asidi hasubiri mambo hayo yatengemae. Hali yake anaionyesha kwa jinsi anavyovuta pumzi, na ukijua kumtazama utafahamu mengi kabla sindano haijachomwa.

Mwongozo huu ni wa muuguzi na mwanafunzi wa uuguzi. Mzazi naye anaweza kusoma hatua mbili za mwanzo zikamfaa.

Kwanza, ujue mwili unalinda nini

pH ni kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imeongezeka. Damu ya ateri ina pH ya 7.35 hadi 7.45. Ukiandika kwa kiasi cha ioni za haidrojeni, pH 7.40 ni nanomoli 40 kwa lita. Ni kiasi kidogo mno: katika lita hiyohiyo sodiamu ni nyingi zaidi ya mara milioni tatu. Na kipimo cha pH kina hila yake. Kushuka kutoka 7.40 hadi 7.10 kunaonekana ni kitu kidogo, kumbe ioni zimekuwa karibu mara mbili, kutoka 40 hadi 79. Chini ya 6.8 au juu ya 7.8 ni wachache wanaopona.

Sasa tazama mzigo wenyewe. Mtu mzima hutengeneza kama milimoli 15,000 za hewa ukaa (CO2) kila siku, na yote hutoka kwa pumzi. Juu ya hiyo kuna asidi zisizotoka kwa pumzi, zinazotokana hasa na protini za chakula, iwe sambaza, nyama au maharage. Hizo ni kama milimoli 1 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na mlango wake ni mkojo peke yake.

Ulinzi uko wa aina tatu, nazo hazina kasi moja. Bafa, yaani kemikali zinazodaka ioni za haidrojeni zilizozidi, hufanya kazi papo hapo: bikabonati kwenye damu, himoglobini ndani ya chembe nyekundu, protini, fosfeti, hata mifupa. Mapafu huitikia ndani ya dakika, ingawa kufikia uwezo wao wote huchukua saa 12 hadi 24. Figo ndizo za mwisho na ndizo zinazomaliza kazi, lakini huhitaji siku 3 hadi 5.

Fikiria mwendesha chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili, anayeteremka kutoka Kibumba na magunia ya viazi. Breki inamwokoa kwenye mteremko, ila mzigo bado uko juu ya mbao. Utashuka siku akifika sokoni. Mapafu ni breki. Kushusha mzigo ni kazi ya figo: zinarudisha kwenye damu karibu bikabonati yote iliyochujwa, zaidi ya milimoli 4,000 kwa siku, kisha zinatengeneza mpya huku zikitupa asidi pamoja na amonia na fosfeti. Ndiyo maana mkojo unaweza kushuka hadi pH 4.5 wakati damu haijasogea.

Kitu kimoja ukishike vizuri, maana hatua zote zinakitegemea: pH haifuati wingi wa bikabonati wala wingi wa hewa ukaa, inafuata uwiano wake. Kawaida ni bikabonati 20 kwa hewa ukaa 1 iliyoyeyuka. Bikabonati ikishuka nusu na mapafu yakaishusha hewa ukaa nusu, pH inabaki palepale. Mwili unahangaikia uwiano huo, na pumzi ndiyo sehemu ya mahangaiko hayo unayoweza kuiona kwa macho.

Hatua ya 1: Hesabu pumzi, dakika nzima

Usihesabu sekunde 15 ukazidisha kwa 4. Watoto hasa hawapumui kwa mpangilio, na kosa la pumzi mbili linakuwa kosa la pumzi nane. Mwambie mama afungue kitenge, mtoto abaki mapajani, asinyonye wala asilie. Weka simu kwenye saa ya kuhesabu, uitazame kwa jicho moja, la pili libaki kwenye tumbo, si kifuani. Tumbo likipanda na kushuka ni pumzi moja.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika. Kwa mtoto, mipaka ya Shirika la Afya Duniani ni hii: chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni za haraka, miezi 2 hadi 11, ni 50, mwaka 1 hadi 5, ni 40.

Ukishapata idadi, tazama kina. Hapo ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu kila pumzi ya haraka wanaiita nimonia. Mwenye nimonia huvuta pumzi fupi, anakohoa, mbavu za chini zinaingia ndani, na kwenye stetoskopu unasikia mikwaruzo. Mwenye asidi nyingi huvuta pumzi ndefu na nzito, kama aliyetoka kupanda mlima na jeri la maji, lakini amelala. Kikohozi hakuna. Ukisikiliza mapafu, ni safi. Daktari Mjerumani Adolf Kussmaul aliieleza pumzi hiyo mwaka 1874 kwa wagonjwa wa kisukari waliokuwa wanazama kwenye koma, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Mtoto mwenye malaria kali anayepumua hivyo na mapafu safi, usimpe dawa ya kikohozi ukamrudisha nyumbani. Damu yake imejaa asidi ya laktiki, na mara nyingi wekundu wa damu umeshuka vibaya.

Kuna pumzi za haraka zinazoelekea upande mwingine. Msichana aliyepata habari mbaya, anahema, vidole vinafa ganzi, mikono inakakamaa: huyo ametoa hewa ukaa kupita kiasi, damu imeegemea kwenye besi (alkali, kinyume cha asidi), na kalsiamu iliyo huru imepungua. Mtulize, kaa naye, mwelekeze apumue polepole. Mfuko wa karatasi mdomoni achana nao. Ukikosea utambuzi, unamnyima oksijeni mtu anayeihitaji. Hakikisha kwanza hana homa, maumivu ya kifua wala mimba yenye matatizo.

Pumzi chache na nyepesi kwa mgonjwa mwenye usingizi ni hatari kubwa kuliko zote. Hewa ukaa inabaki ndani. Uliza kuhusu dawa za usingizi, za maumivu makali, jeraha la kichwa.

Hatua ya 2: Uliza kilichotoka na kilichoingia

Hapa mdomo unashinda maabara.

"Mama, ameharisha mara ngapi tangu jana?"

"Muganga, hesabu imenishinda. Ni maji tu, kama ya kuosha mchele."

"Na kutapika?"

"Alianza usiku. Sasa hata mate hana."

Mazungumzo hayo yamekwisha kukuambia mambo mawili. Maji ya kuhara hutoka na bikabonati nyingi. Kwa mtu mzima mwenye kipindupindu, kila lita inaweza kuwa na zaidi ya milimoli 40, na mgonjwa mahututi hupoteza lita kadhaa kwa siku. Anapoteza besi, damu inabaki na asidi. Matapishi ya tumbo ni kinyume: yanatoka na asidi, damu inaelekea kwenye besi. Akifanya yote mawili, kuhara ndiko hushinda mara nyingi, lakini usibahatishe: mtazame anavyopumua. Mama mjamzito anayetapika wiki nzima bila kuhara, mikono ikamkakamaa na misuli ikaishiwa nguvu, yuko upande wa besi na potasiamu yake imeshuka.

Endelea kuuliza. Anakojoa? Mara ya mwisho lini? Figo zilizozimika haziwezi kutupa asidi. Ana kisukari, au amekonda ghafla huku akinywa maji usiku kucha? Mtoto aliyekonda, anakojoa sana na anavuta pumzi nzito, mpime sukari saa hiyohiyo. Wengi hutibiwa malaria siku mbili kabla mtu hajafikiria kisukari. Amekunywa nini? Pombe iliyochanganywa na methanoli huanza na macho kuona ukungu. Vidonge vingi vya aspirini huanza na masikio kuvuma.

Uliza pia kuhusu magadi na bikabonati ya soda. Watu wanakunywa kwa kiungulia, wengine siku hizi kwa sababu wameambiwa mwili wenye alkali hauugui. Maji ya alkali yakifika tumboni hukutana na asidi kali na mchezo unaisha hapo. Kinachobadilika kidogo ni mkojo. Mwenye figo nzima atapoteza pesa tu. Mwenye figo mbovu anayekunywa bikabonati kwa vijiko anaweza kujiumiza kweli.

Hatua ya 3: Ukipata karatasi ya maabara

Anza kwa kuangalia kama namba zinakubaliana. Zidisha 24 kwa shinikizo la hewa ukaa (kwa mmHg), gawanya kwa bikabonati. Jibu ni ioni za haidrojeni kwa nanomoli. Linganisha na pH: 7.40 ni 40, 7.30 ni 50, 7.20 ni 63, 7.10 ni 79, 7.00 ni 100. Zikipishana sana, sampuli ilikaa muda mrefu au mtu amenakili vibaya. Rudia kabla ya kutibu karatasi.

Kumbuka pia tunaishi wapi. Goma na Bukavu ziko kwenye mita 1,500 hivi juu ya bahari. Oksijeni ni pungufu kidogo, kwa hiyo hata mtu mzima wa afya hupumua zaidi kidogo na hewa ukaa yake huwa chini kidogo ya ile 40 ya vitabuni. Ukiona 35 kwa mtu mwenye afya, usianze kutafuta ugonjwa.

Ukishaziamini namba, fuata mpangilio huu. pH chini ya 7.35 ni asidi, juu ya 7.45 ni besi. Kisha jiulize nani mkosaji: bikabonati au hewa ukaa? Asidi pamoja na bikabonati ndogo, tatizo limetoka kwenye tumbo, figo, sukari au laktati (asidi ya laktiki). Asidi pamoja na hewa ukaa nyingi, tatizo ni kupumua.

Bikabonati peke yake, bila pH, inadanganya. Mwaka 1952 Copenhagen ilishambuliwa na polio iliyolemaza misuli ya kupumua. Wagonjwa walionekana na bikabonati nyingi kwenye damu, madaktari wakadhani ni besi imezidi. Mtaalamu wa usingizi Bjørn Ibsen alisema hapana, hawa wamejaa hewa ukaa, hawapumui vya kutosha. Vipimo vya pH vilimpa haki. Koo zilitobolewa, mirija ikaingizwa, na mamia ya wanafunzi wa udaktari wakapokezana kuwapumulia kwa mfuko wa mkono, mchana na usiku. Kutoka hapo ndipo vikazaliwa vyumba vya wagonjwa mahututi, na Poul Astrup wa hospitali iliyowatibu wagonjwa hao akatengeneza njia ya kupima ambayo mashine za leo zimetokana nayo. Naipenda habari hii kwa sababu waliookoa watu walikuwa na mifuko na mikono tu, baada ya mtu mmoja kuisoma namba sawasawa.

Sasa fidia, yaani jinsi mapafu yanavyojaribu kurudisha uwiano. Ikiwa mkosaji ni bikabonati, hesabu hewa ukaa inayotarajiwa: zidisha bikabonati kwa 1.5, ongeza 8. Ruhusu 2 juu au chini. Mfano wa darasani. Mtu mzima mwenye kipindupindu: pH 7.26, hewa ukaa 23, bikabonati 10. Inayotarajiwa ni 1.5 mara 10 jumlisha 8, yaani 23. Mapafu yake yanafanya kazi yote yanayoweza.

Mfano wa pili: kijana wa kisukari, pH 7.05, hewa ukaa 30, bikabonati 8. Mtu wa haraka atasema hewa ukaa 30 si mbaya, imekaribia kawaida. Hesabu: 1.5 mara 8 jumlisha 8 ni 20. Alipaswa kuwa na 20, ana 30. Amechoka. Misuli ya kupumua inaelekea kukata tamaa, na huyu ndiye wa kuhamishwa sasa hivi, siyo kesho asubuhi.

Kama una sodiamu na kloraidi, toa pengo la anioni: sodiamu, ondoa kloraidi, ondoa bikabonati. Kawaida ni 8 hadi 12. Wa kipindupindu: 136 toa 116 toa 10, pengo ni 10. Amepoteza bikabonati na kloraidi imechukua nafasi yake. Wa kisukari: 132 toa 96 toa 8, pengo 28. Kuna asidi ya kigeni ndani ya damu: ketoni (asidi za kisukari), laktati, taka za figo, au sumu. Kwa mtoto mwenye utapiamlo albumini, protini ya damu, huwa chini, na kila gramu 10 kwa lita zilizopungua hushusha pengo kwa 2.5 hivi, kwa hiyo pengo la 12 kwake linaweza kuwa kubwa.

Hatua ya 4: Tibu chanzo, pH itafuata

Wakati wa kipindupindu seromu bora ni Ringer laktati. Laktati iliyomo, kama milimoli 28 kwa lita, ini huigeuza kuwa bikabonati. Maji ya chumvi ya kawaida yana sodiamu 154 na kloraidi 154, besi hakuna. Yanarudisha mzunguko wa damu, na kama ndiyo uliyonayo yatumie bila kusita, lakini asidi itachelewa kuondoka. Kwa aliyekaukiwa vibaya, kipimo ni mililita 100 kwa kilo: chini ya mwaka 1, mililita 30 kwa kilo ndani ya saa 1 na 70 ndani ya saa 5, kuanzia mwaka 1 na kuendelea, 30 ndani ya nusu saa na 70 ndani ya saa 2 na nusu. Mtoto mwenye utapiamlo mkali ana utaratibu wake wa polepole, usimchanganye na huyu.

Akianza kunywa, mpe maji ya kuongeza chumvi ya pakiti (ORS). Fomula ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2002 ina sitreti gramu 2.9 kwa lita, nayo pia hugeuka bikabonati, na kloraidi ya potasiamu gramu 1.5. Mchanganyiko wa nyumbani wa vijiko 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi kwa lita, vijiko vidogo vilivyosawazishwa, unaokoa njiani, ila hauna sitreti wala potasiamu. Mama atumie huo akiwa juu ya moto-teksi, siyo siku tatu nyumbani. Mji huu unajua gharama ya maji kuchelewa: Julai 1994, kipindupindu kilipoingia kwenye kambi za wakimbizi wa Rwanda, watu karibu 50,000 walikufa ndani ya mwezi wa kwanza, wengi kwa kuhara.

Wa kisukari anahitaji maji, insulini na macho makali kwenye potasiamu. Asidi huisukuma potasiamu nje ya seli, hivyo damu huonyesha nyingi wakati mwili una upungufu. Insulini ikianza, inarudi ndani kwa kasi na moyo unaweza kusimama. Wa malaria kali anahitaji atesunati ya sindano, sukari ikishuka arudishiwe, na damu ikibidi. Wa kutapika, mwenye besi nyingi, anahitaji maji ya chumvi na potasiamu. Huyu ndiye kloraidi inamfaa hasa.

Na chupa ya bikabonati? Kabatini. Ukimwaga bikabonati kwenye damu yenye asidi, inazaa hewa ukaa, na mapafu yaliyochoka hayawezi kuitoa. Kwenye asidi ya kisukari kwa mtu mzima wengi hawaifikirii mpaka pH iwe chini ya 6.9, na hilo ni jambo la daktari mwenye vipimo mkononi.

Mazuku, sura yetu wenyewe

Vitabu vya ng'ambo havina ukurasa huu. Kuzunguka Goma, hasa kwenye mabonde ya mawe ya lava karibu na ziwa, hewa ukaa hutoka ardhini na kulala chini kwa sababu ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa. Hiyo ndiyo mazuku. Haina rangi wala harufu. Asubuhi isiyo na upepo ndipo hatari. Mbuzi akilala kwenye shimo asiamke, usimfuate.

Anayeivuta, mapafu hayana pa kuitolea: kadiri anavyohema ndivyo inavyoingia zaidi. Kichwa kinauma, anahema, anachanganyikiwa. Ikizidi sehemu 10 kwa 100 ya hewa, anazimia ndani ya muda mfupi. Kosa linaloua watu wawili badala ya mmoja ni kurukia shimoni kumwokoa. Mvute kwa kamba ukiwa juu ikiwezekana, mpeleke penye upepo, mpe oksijeni, na asipopumua mpumulie kwa mfuko. Bikabonati hapa ni kosa. Kinachomtibu ni hewa safi inayoingia na kutoka.

Hatua ya 5: Rudi kuhesabu

Andika pumzi kwenye fishi, karatasi ya mgonjwa, pamoja na saa, kila nusu saa mwanzoni, kisha kila saa. Andika pia kama anaitika jina lake na kama amekojoa. Mfuatano huo una faida kuliko kipimo kimoja cha gharama.

Pumzi zikishuka kutoka 44 hadi 28 na mgonjwa anafungua macho, anaomba maji, amekojoa, endelea na unachofanya. Zikishuka kutoka 44 hadi 28 na haitiki, mikono baridi, kidevu kinaning'inia, hajapona: misuli imekwisha. Shika mfuko wa kupumulia, weka oksijeni, na mtu mmoja apige simu hospitali ya rufaa wakati wewe bado umeshikilia barakoa.